Mwenye Maziwa Haingii

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, na nikiamka sikumbuki hata ubavu niliolalia. Wanaoamka na hadithi za kuruka angani nimezoea kuwaambia wapunguze maharage ya usiku. Kwa hiyo hii ninayoisimulia msiipokee kama ya mtu anayependa kuchambua usingizi wake. Ilinijia yenyewe, baada ya siku iliyonichosha moyo kuliko mwili, na hata sasa haijanitoka.

Siku hiyo tulikuwa tumezunguka nyumba kwa nyumba, wajumbe watano wa kamati ya kijiji chetu huku milimani Usambara, tukikagua nani anastahili kadi ya mfuko wa kijiji. Mwenye kadi hutibiwa bila kulipa, na kila mwaka kamati hurudi kuangalia kama bado anastahili. Kadi zilikuwa chache, wenye shida wengi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mwantumu, mjane anayelea wajukuu wawili, mwenye kisukari na kidonda mguuni ambacho pale zahanati walishamwambia bila kumficha: kisipotibiwa ipasavyo, mguu utakatwa. Tulikuwa tumetangaza kwamba tunakuja, naye akafanya anachofanya mwanamke yeyote wa huku akisikia wageni wako njiani. Alifagia uwanja ukang'aa, akawaogesha watoto, akajifunga kanga zake za Idi, akaazima chupa ya chai na vikombe kwa jirani mmoja, maziwa na sukari kwa mwingine, akatukaribisha kwa chai nzito yenye tangawizi. Tukanywa. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Kisha tukaaga, tukasimama barabarani karibu na uzio wake, tukaanza kumjadili.

Mzee Shekiondo, ambaye kabichi zake na matunda yake vinajulikana mpaka sokoni mjini na hakuna aliyemsaidia hata kuchimba shimo moja, alikuwa wa kwanza. "Jamani, kadi ni za wasio na kitu. Huyu ana maziwa, ana kanga mpya, ana vikombe vinavyofanana. Vyangu mimi nyumbani havifanani!"

"Vya kuazima vile, mzee," alisema Mwalimu Nakiete, anayefundisha watoto wetu darasa la kwanza. "Hata mpini wa ile chupa naujua, ni ya Mama Singano."

"Hata kama. Anayeazimwa anaaminika, na anayeaminika haangamii. Tukimpa huyu, kesho kijiji kizima kitajilaza kitandani kinasubiri kadi."

"Alituheshimu, mzee wangu. Ndilo kosa lake?"

Mikono ikanyooshwa, miwili huku, miwili kule, wote wanne wakanigeukia mimi. Mimi fundi cherehani, niliyeanza na sindano ya mkono, ambaye kijiji kizima kinajua sijawahi kukosa neno, nikakosa. Niliomba wanipe mpaka asubuhi, kwenye mkutano wa hadhara. Nikarudi nyumbani. Nilimwonea huruma Bi Mwantumu, na papo hapo nilimwona Mzee Shekiondo ana hoja, na hilo la pili ndilo lililonitesa. Nikajinyoosha mkekani kando ya cherehani yangu, nikajifunika kanga usoni, na usingizi ukanichukua huku bado nabishana na watu wasiokuwepo.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanda mkubwa usio na mti wala kilima, mimi niliyezaliwa milimani, na ule utambarare peke yake ulinitia hofu. Mbingu zilikuwa zimeshuka chini, nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Watu walikuwa wengi, wote wanatembea haraka, wote wanatazama juu, hakuna anayemsalimu mwenzake. Nilimshika mkono mama mmoja nikamuuliza kulikoni. "Mvua inakuja," akasema, "na mvua ya huku hailoweshi, inapausha. Ikikunyeshea unachuja kama kanga ya bei rahisi ikifuliwa mara ya kwanza. Inaanza rangi, inafuata sauti, mwisho watu wanakupita pale ulipo bila kukusalimu kwa sababu hawakuoni tena." Nikamuuliza kama mvua hiyo ina watu inaowachagua. "Haina," akasema, akajinasua na kukimbia. Ndipo kwa mbali nikamwona Bi Mwantumu. Alikuwa anachechemea peke yake katikati ya uwanda, sinia la vikombe kichwani, chupa ya chai mkononi, mguu wake umefungwa kitambaa. Hakuwa na cha kujikingia. Nami nikajua, kwa namna tunavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba asipoingia mahali kabla ya tone la kwanza atapotea, na kwamba mimi ndiye niliyeagizwa kumwingiza.

Nilipoanza kukimbia, mwanaume mmoja akaja kwenda sambamba nami, shati limekunjwa mpaka viwiko, viganja vimejaa sugu, uso wenye furaha ya mtu aliyeamka mapema. "Naitwa Juhudi," akasema, "na wewe nakufahamu vizuri, fundi. Nimekuwa nikikaa na wewe kwenye cherehani miaka yote." Maneno hayo yalinipendeza, sitaficha. Akanionyesha nchi yake tukiwa tunakwenda. Kila mtu pale alikuwa chini ya mwavuli wake. Ilikuwepo miavuli mipana yenye pindo na mapazia, watu wamekaa chini yake wanacheza bao. Ilikuwepo ya wastani. Na ilikuwepo midogo kama sahani, mtu akikinga kichwa mabega yanabaki nje. "Kila mmoja na jasho lake," alisema Juhudi. "Huoni walivyo na bidii? Mwenye mdogo anamtazama mwenye mkubwa, anaongeza kasi. Hapa hakuna anayemuuliza mwenzake umekula nini, umelala wapi. Mtu ni mtu mzima. Ukimkinga kila siku mkono wake unasahau kushika mpini. Wenyewe mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Tunasema," nikakubali. Pembeni nilimwona jamaa mnene amelala chali chini ya mwavuli wa mtu mwingine, mdomo wazi, na Juhudi akamwonyesha kwa kidole. "Uvivu yule. Popote palipo na kivuli cha bure atakuwepo." Uvivu namjua, ana ndugu kijijini kwetu. Lakini kulikuwa na mwanamke mwingine, amefungwa kitambaa machoni, anapita katikati ya umati anacheka peke yake. Akimpita huyu, anamwachia mwavuli mpya. Akimpita yule, anautoboa mwavuli wake kwa kidole na kuendelea na safari. Niliona anautoboa mwavuli mpana wenye pindo, na wenyewe wakasimama wanapiga kelele. Nikamuuliza Juhudi ni nani huyo. Kwa mara ya kwanza uso wake ukaingia wingu. "Bahati," akasema. "Mpita njia tu, usimtilie maanani." Na akanivuta upande mwingine.

"Sawa, na Bi Mwantumu?" nikauliza, maana alikuwa bado yuko mbali na upepo umeanza. "Yule pale, hana mwavuli."

"Ana chupa ya chai. Aiuze."

"Si yake."

"Basi anaazimwa, na anayeazimwa anaishi. Fundi, nisikilize. Simchukii. Ila ukimpa huyu leo, kesho watakuja mia wamejipaka matope, na kila mmoja atakuwa na kilio chake. Msaada humfundisha mtu kuigiza shida. Nimeliona kwa macho yangu." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitia baridi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Ngurumo ikapiga. Nikamwacha amesimama, nikakimbia kumfuata mama wa watu, na kila nilipokaribia yeye alikuwa mbele zaidi, sinia halimtikisiki kichwani.

Njia aliyokuwa akiifuata ilishuka bondeni, na huko nikaona paa. Sijawahi kuona paa kama lile. Lilikuwa la nyasi, limeinuliwa juu ya nguzo nyingi, na lilivyokuwa limejengwa zamani ungeweza kuviweka vijiji vinne chini yake. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imebaki mifupa, fito tupu zinaonyesha mbingu, na iliyofunikwa bado ilikuwa kona tu. Chini yake alikaa mama mkubwa wa mwili, mzito, anasuka nyasi bila haraka, wakati mimi haraka inanipasua moyo. "Karibu, mwanangu. Mimi ni Dhamana," akasema. "Wako wanaoniita mpole na wako wanaoniita mzigo. Keti."

"Mama, mvua inakuja, sina wakati wa kuketi!"

"Wakati ninao mimi, ndiyo dosari yangu. Wasaidizi wangu wawili ni Foleni na Njoo Kesho, na wamenipotezea watu wengi kuliko mvua." Aliyasema hayo bila kuyumba, nikaanza kumwamini. Akanieleza kwamba paa lile lilijengwa na wote. Kila mtu alileta tita la nyasi kwa kadiri ya shamba lake, mwenye shamba kubwa tita kubwa, mwenye dogo tita dogo, na ikinyesha wote waliingia kwa mlango mmoja mpana, mwenye mengi bega kwa bega na asiye na kitu. "Hatukumuuliza mtu amekuja na nini, kwa sababu Bahati hana rafiki. Hujafa hujaumbika. Leo unaleta nyasi, kesho unaletwa umebebwa."

"Sasa mbona limeisha?"

"Juhudi alikuja akawaambia wenye mashamba makubwa: ninyi mna miavuli, nyasi mnampelekea nani? Swali zuri. Wakaanza kupunguza matita. Na wengine walichoka na Foleni, siwalaumu. Tukaambiwa basi, paa libaki la wenye shida tu, tupate kuokoa nyasi. Tukakubali. Hapo ndipo tulipokosea, mwanangu. Paa la wenye shida peke yao huvuja siku zote, kwa sababu mwenye nguvu ya kulikarabati halali chini yake. Halisikii likidondosha."

"Na Uvivu, mama? Kule nimemwona amelala. Huku hayupo?"

"Yupo. Yuko nyuma ya nguzo ile pale. Sijapata namna ya kumfukuza ambayo haimkanyagi kwanza mgonjwa." Akaacha kusuka, akanitazama. "Ila tangu paa libaki dogo tumelazimika kuziba mlango mpana, tukatoboa mwembamba, na pale mlangoni tukaweka mtu wa kutambua nani ana shida ya kweli. Mbio, mwanangu. Mwenzako amekwishafika."

Nikageuka. Ule mlango ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu alipita kwa ubavu. Kizingitini alikaa mwanamke mmoja ameinamisha kichwa, jina lake Aibu, naye kila anayeingia alimvua kitu kidogo: huyu kilemba, huyu jina la ukoo, huyu habari ya ndoa yake. Mbele yake alisimama Shaka, mwembamba, macho hayatulii, akiuliza. Unalala juu ya nini? Jana ulikula nini? Watoto wako mjini wanakutumia nini? Hiyo kanga ni yako? Watu walikuwa wamejipanga, na nikaona wanajiandaa kwenye mstari: mmoja anachana shati lake, mwingine anamfundisha mtoto kukohoa. Matone yalikuwa yameanza, moja moja, na mahali yalipodondoka ardhi ilibaki nyeupe.

Zamu ya Bi Mwantumu ikafika. Naye, badala ya kulia, badala ya kuonyesha mguu, akamwona Shaka amesimama tangu asubuhi, amechoka, na akafanya alichofundishwa na mama yake. Aliteremsha sinia, akamimina chai ya maziwa, akashika kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kwa taabu. "Karibu chai. Pole na kazi." Shaka akapokea. Akanywa polepole, akafika mwisho wa kikombe, akajifuta mdomo kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwenye maziwa haingii."

Nilipiga kelele. Nilisema si yake, ameazima, ni kwa ajili yenu, mmekunywa ninyi! Hakuna sauti iliyotoka. Juhudi alikuwa amefika akihema, Mama Dhamana naye ameinuka, na wote wawili wakasimama, huyu kulia kwa Bi Mwantumu, huyu kushoto kwake, wakaanza kuhojiana juu ya kichwa chake. Walisema vizuri sana. Juhudi alisema anayegawa cha wengi hana uchungu nacho, na kwamba heshima ya mtu ni kujikinga kwa mkono wake. Dhamana alisema hakuna aliyejizaa wala aliyejilea, na kwamba heshima ya mtu ni kuingia kwa mlango ule ule anaoingia mwenzake. Mmoja alisema uhuru, mwingine akasema usalama. Mmoja akauliza nyasi zitatoka wapi, mwingine akauliza zimekwenda wapi. Na mvua ikashuka. Ilimnyeshea katikati yao, na wao hawakuiona. Kanga zake zikaanza kuchuja, maandishi ya pindo yakafutika herufi moja baada ya nyingine, mikono ikawa ya kijivu, uso ukawa kama picha iliyoanikwa juani muda mrefu. Alikuwa bado ameshika chupa ya chai, anaificha kifuani isilowe, kwa sababu ni ya watu. Aligeuka akanitazama, na mimi nikaona kwamba baada ya muda mfupi sitamwona. Wale wawili wakanigeukia pamoja. "Amua, fundi," wakasema. Nikafungua mdomo.

Nikaamka nimekaa kitako mkekani, kanga imenibana shingoni, jasho jembamba mgongoni na baridi yote ile ya milimani. Kulikuwa kumepambazuka, ukungu bado umelala mabondeni. Nikanawa uso, nikavaa, nikatoka bila kunywa kitu. Nilijua nitakachosema mkutanoni na nilikuwa najisemea njia nzima: kwamba tulikwenda kwake kama wageni na tukamhukumu kama mahakimu, kwamba alitupa kikombe nasi tukakigeuza ushahidi. Yalikuwa maneno mazuri. Nilikuwa nayaona yanavyowanyamazisha watu.

Kwenye kona ya bomba la maji nikamkuta. Huku kwetu habari hailali njiani, na mtu alikwisha kumfikishia tuliyoyasema barabarani jana. Alikuwa amevaa gauni la shambani lililochanika bega, kichwa wazi, miguu mitupu, vumbi la jivu mpaka magotini. Wajukuu wake wawili, waliong'aa jana, walikuwa wamepakwa udongo mashavuni, mdogo anajikuna. Na kile kitambaa cha mguuni alikuwa amekifungua, amekishika mkononi, ameacha kidonda wazi kwenye umande, na nzi wamekwishakiona.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu." Akasimama kama wanavyosimama wateja wangu wanapojaribisha nguo, akajigeuza kidogo upande huu na upande ule. "Hebu nitazame vizuri. Nimetosha?"

Hapo ndipo ndoto iliponifungukia, si mkekani. Juhudi aliniambia msaada humfundisha mtu kuigiza shida, nami nilimwamini nusu. Lakini msaada ulikuwa haujamfikia Bi Mwantumu hata punje. Tuliomfundisha ni sisi pale mlangoni, kwa siku moja tu, na alikuwa mwanafunzi mwepesi. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikapiga magoti kwenye tope, nikajaribu kuchukua kile kitambaa mkononi mwake.

"Funga kidonda, dada, kitaingia uchafu. Kura yangu unayo. Nakuapia, unayo. Rudi ukavae kanga zako uje ulivyo."

Alikishika kitambaa asiniachie. Hakuwa na hasira, alinitazama kwa huruma kabisa, kama mimi ndiye niliyepata msiba. Kisha akamshika mkono yule mjukuu mdogo na kuanza kuchechemea kuelekea mkutanoni, mapema, apate nafasi ya mbele.

"Kura yako nashukuru," alisema bila kugeuka. "Lakini mwakani mtakuja tena, mdogo wangu. Bora mnizoee hivi."